Mto Chini ya Goti la Kisilu

Kinanie,
4 Februari 2024

Kwa wifi yangu Mama Ndunda,

Nakusalimu wewe na mkaza mwana wako Katunge, na wote wanaokunywa chai hapo kwako. Sisi tuko salama kadiri tunavyoweza. Mutheu bado anafundisha Voi, mimba yake imeingia mwezi wa tano na anakusalimu sana shangazi yake. Kuku wawili uliotuletea Disemba wanataga, mmoja ndani ya kabati la vyombo kwa sababu hakuna anayeweza kumkataza.

Najua simu inakupigia kelele sikioni usisikie neno, ndiyo maana nakuandikia kama zamani. Na hata ungekuwa unasikia, simu ya nyumba hii sasa ni ya ndugu yako. Amelala nayo sebuleni kutwa nzima, na lolote nitakalosema analisikia. Barua hii nitampa Mathenge akija huko Kithyoko kununua ndengu zenu.

Kisilu alipasuliwa goti tarehe 23 Januari. Walitoa lile lililolika kwa miaka ishirini na miwili ya kusimama kwenye meza ya kukatia vitambaa pale kiwandani EPZ, wakamwekea la chuma. Siku ya nne alirudi nyumbani. Kidonda ni kisafi, na sukari yake haijapanda.

Kazi iliyobaki ni yangu. Dada wa mazoezi wa hospitalini alinipa karatasi yenye picha na akatueleza sote wawili: goti likunjwe mara tatu kwa siku na linyooshwe mara tatu, hata kama analia. Alisema goti jipya lina miezi mitatu ya kujifunza, na baada ya hapo linajifunga na halimsikii mtu tena. Basi namkalisha kwenye kiti cha mbao, anaburuta kisigino kurudi nyuma chini ya kiti, na pale kinapokwama nachora mstari sakafuni kwa chaki yangu ya kushonea. Kesho yake tunajaribu kuupita. Jana tuliupita kwa upana wa kidole. Analia "Mwaitu", mzee wa miaka sitini na mbili, anamwita mama aliyezikwa yeye akiwa na miaka sita. Mimi namshika mabega asiinuke.

Mto ulioshona umefika. Nimeijua pamba ya mipamba yako ya kwenye ua, na herufi za uzi mwekundu zimenyooka kama za ubaoni. Umeandika PUMZIKA. Nilicheka peke yangu, nikashukuru hukuongeza yale maneno mengine mawili ya makaburini. Ila yule dada alikataza kabisa kuweka kitu laini chini ya goti. Alisema mgonjwa anajisikia vizuri, na goti linaganda likiwa limepinda. Kwa hiyo mto nimemwekea kichwani. Usinikasirikie.

Ni mimi, mke wa ndugu yako,
Munyiva


Kithyoko,
20 Februari 2024

Mama Mutheu,

Salamu zako zimefika na nimezipokea. Katunge alishikwa na malaria wiki mbili, sasa anainuka. Ndengu tumevuna, si nyingi, lakini magunia hayakubaki matupu. Ndunda hajakanyaga hapa tangu Krismasi. Mwambie Mutheu asinyanyue ndoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi kwa mazoea, maana nilifundisha darasa la tatu miaka thelathini na mmoja. Sikuona kosa la maandishi. Niliyoyaona ni mengine.

Mathenge si mtu wa umbea, mimi ndiye niliyemuuliza. Alipokuja kuchukua barua kwako alimkuta Kisilu ameng'ang'ania kiti, jasho linamtiririka, na wewe umemkandamiza mabega. Mathenge alitoka nje akakungojea kwenye lori. Mwanaume mzima anayebeba magunia alishindwa kutazama, Munyiva, na wewe ulikuwa unachora mistari.

Mto ule haukuwa wa kichwa. Kichwa cha ndugu yangu hakina kidonda.

Mama aliponiachia Kisilu nilikuwa na miaka kumi na tano. Nilimbeba mgongoni hadi shuleni, nikamlaza nyuma ya darasa, nikasoma. Ninajua anavyolia akideka na anavyolia akiumia, na hilo hakuna karatasi ya hospitali inayolijua kuliko mimi. Sisi huku mtu akitoka kwa kisu hulazwa, akanyweshwa supu, watu wakaja kumwona, na mwili ukajirudia wenyewe. Hatumrudishi kwenye kisu kila asubuhi.

Kama umechoka, sema umechoka. Hakuna atakayekucheka. Mlete kwangu.

Dada yake aliyemlea,
Kamene


Kinanie,
5 Machi 2024

Wifi Kamene,

Nimefurahi kusikia Katunge amepona. Mutheu hataki kuona wali, anatafuna yale mawe laini ya wajawazito ya sokoni kama nilivyoyatafuna mimi nikiwa na yeye. Hapa joto limezidi na maji ya mfereji yanakuja siku moja kwa wiki.

Umeniambia niseme nimechoka. Nimechoka. Lakini si kwa kumtunza, nimechoka kwa watu wanaokuja kumtunza. Saa nne ya mazoezi ndiyo saa ya wageni. Wakiingia kina mama wa kanisa ananyoosha shuka, anakohoa, anaanza tena hadithi ya upasuaji, na mimi naenda kupika chai. Wakitoka wao wanaingia wenzake wa kiwandani. Kila mmoja anamwambia apumzike asijisumbue. Na yeye anawaonyesha mstari wangu wa chaki na kusema ameolewa na askari jela. Wanacheka. Mimi namimina chai na kucheka pia, kwa sababu ni nyumba yangu na wana vikombe vyangu mikononi.

Jumapili nilimwambia wageni wamekwisha, tukunje goti. Alirusha kikombe cha uji ukutani. Akasema, "Wewe si bibi, wewe ni polisi. Kamene angenionea huruma."

Nilifuta uji ukutani. Nilipomaliza nikamwambia kama ni mahabusu, basi nimemwachilia.

Kesho Jumatano Mathenge atamleta, amekaa mbele kwenye lori, mguu umenyooshwa. Ujue anakuja akiwa ameshafika wapi. Leo ni wiki ya sita, na kisigino kimefika usawa wa mguu wa nyuma wa kiti. Goti lake limekunjika kama pembe ya daftari, wewe mwalimu utaelewa. Yule dada alisema tukiendelea kutoka hapo, atapanda ngazi kama watu wengine. Ule mstari wa mwisho sitaufuta.

Kwenye begi kuna nguo zake, dawa za sukari, chuma chake cha kutembelea na mto wako. Nimeweka kila kitu anachohitaji.

Munyiva


Kithyoko,
25 Machi 2024

Mama Mutheu,

Nakuandikia katika wiki hii takatifu, na nakutakia Pasaka njema wewe na binti yako huko Voi. Katunge amepanda mahindi mapema na mvua imemkubali. Kanisa letu limepata mabati mapya upande wa kwaya.

Ndugu yangu alifika amekonda shingo. Sasa ungemwona usingemjua. Asubuhi ni uji wa wimbi, mchana muthokoi wa mahindi ya kukoboa, jioni supu ya miguu ya mbuzi. Jana Jumapili ya Matawi walikuja watu kumi na wanane, wengine aliosoma nao, na alicheka mpaka akashika mbavu. Mguu umepumzika juu ya mto, mahali ulipokusudiwa. Analala mpaka jua linapopanda. Katika nyumba hii hakuna anayelia.

Uliniandikia kwamba goti lina miezi mitatu ya shule. Sisi huku tumelipa likizo.

Wako katika Bwana,
Kamene


Kinanie,
9 Aprili 2024

Wifi,

Salamu nyingi kwako na kwa Katunge. Mutheu ameanza kuvimba miguu, ameambiwa apunguze chumvi. Mvua hapa haijui kuacha, na udongo wa Kinanie unaujua, unashika kiatu na hauachii.

Nimefurahi kwamba anacheka. Nasema kweli, nimefurahi na nimeumia pamoja, maana mimi sijamsikia akicheka tangu mwaka jana ila akinicheka.

Lakini hukusema linakunjika mpaka wapi. Hukusema kama linanyooka. Kliniki yake ni tarehe 23 mwezi huu, siku ile ile inayotimiza miezi mitatu, na siku hiyo daktari anapima. Kama goti limekuwa zito, bado wanaweza kumlaza usingizi na kulikunja wao wenyewe bila kisu. Baada ya hapo hawawezi. Mpe Mathenge amlete kabla ya tarehe hiyo.

Siku mbili za kwanza alipoondoka nililala mpaka nikaona aibu. Siku ya tatu nikajikuta natandika kitanda cha sebuleni. Kiti cha mbao bado kiko palepale juu ya mstari, na ninapofagia nakizunguka.

Kama kuna jambo lolote hujui kuhusu mguu ule, niulize. Nitakujibu.

Munyiva


Kithyoko,
14 Mei 2024

Mama Mutheu,

Poleni na mvua. Tumesikia mlivyosumbuka huko kwenu Athi River, na tumewaombea kanisani. Huku mto ulifurika na barabara ikakatika, Mathenge hakupita wiki tatu. Barua yako imenifikia mwanzoni mwa mwezi huu, wakati tarehe ya daktari ilikuwa imeshapita. Ni mapenzi ya Mungu, hakuna wa kulaumiwa. Mahindi ya Katunge yamesombwa nusu.

Kisilu anakusalimu. Anakwenda chooni kwa fimbo na kurudi. Mguu unaendelea.

Njia ikikauka Mathenge atamleta. Mimi sina la kuuliza.

Kamene


Kinanie,
16 Juni 2024

Kamene,

Mutheu amejifungua msichana tarehe 3. Mtoto ana kilo tatu na nusu, na amepewa jina la mama wa mume kama inavyotakiwa. Hizo ndizo habari njema, na nimezimaliza.

Kisilu alifika tarehe 5. Mathenge na mpakiaji wake walimshusha kutoka kwenye lori kama kabati. Nilisimama mlangoni nikangoja anyooshe mguu akanyage chini vizuri. Haunyooki. Anasimama na goti limepinda mbele kama mtu anayetaka kukaa, na akikaa halikunjiki. Nilimpeleka kwenye kiti cha mbao, akaburuta kisigino, kikakwama mbele kabisa, mbali na mstari wa Machi. Upana mzima wa kiganja changu unaingia hapo katikati na bado kuna nafasi. Alitazama ile chaki, akanitazama mimi, akasema, "Si nilikuwa nafika hapo?"

Nilimwambia ndiyo, ulikuwa unafika.

Tarehe 11 tulikwenda kliniki. Kisilu aliambiwa ajitahidi na mazoezi. Mimi nikaambiwa yaliyobaki, koridoni, yeye akiwa bado ndani anavalishwa kiatu. Daktari alisema goti limeshajifunga. Lingeletwa Aprili, wangelikunja akiwa usingizini na angekwenda nyumbani siku hiyo hiyo. Sasa ingebidi kulifungua tena, na kwa sukari yake hiyo hakuna atakayethubutu. Nikamuuliza kama mazoezi yatasaidia. Alisema, "Mama, mwache afanye, asikae bure."

Mpaka leo hajamwona mjukuu wake. Mutheu hawezi kusafiri na kichanga, na ndugu yako hawezi kupanda ngazi za basi. Tulijaribu stendi, Jumatano. Mguu wa kwanza ulipanda, wa pili ukakataa, na watu waliokuwa nyuma yetu wakaanza kupiga kelele tuwapishe. Tulirudi nyumbani.

Nilikuwa nimepanga kukutukana katika barua hii. Nimeyaandika matusi mara mbili kwenye karatasi nyingine, na ni mazuri, nimeyachoma kwenye jiko. Kwa sababu kuna kitu kimoja sijakwambia, na matusi hayawezi kutoka kabla hicho hakijatoka.

Ile karatasi ya mazoezi sikuiweka kwenye begi. Asubuhi ile niliishika, nikaikunja mara nne, nikaifungia kwenye droo ya cherehani. Nilijiambia, acha Kamene aone. Acha ajaribu huruma yake, halafu siku moja aandike kuniuliza nifanyeje, na mimi nimjibu taratibu. Nilingoja uniulize. Hata niliposema uniulize, ilikuwa ni kungoja tu, maana ningeweza kuiweka ile karatasi ndani ya bahasha ileile ya Aprili na sikuiweka.

Nilitaka ushindwe, wifi. Sikutaka yeye ashindwe. Lakini mguu ulikuwa mmoja.

Munyiva


Kithyoko,
7 Julai 2024

Munyiva,

Nashukuru Mungu kwa mtoto. Katunge amemfumia kofia, ataipata. Sisi ni wazima, huku baridi imeingia na wazee wanakohoa.

Karatasi yako haikuhitajika. Lala usingizi kwa upande huo, kama utaweza kulala baada ya kusoma yanayofuata.

Asubuhi ya kwanza alipoamka kwangu, kabla ya chai, Kisilu aliniambia, "Dada, nitafutie kiti ya mbao na chaki." Nilimuuliza za nini. Akanieleza mazoezi yote, moja baada ya jingine, kwa idadi na kwa saa, bila kukosea, kama watoto wangu walivyokuwa wakiimba jedwali la saba. Akasema, "Munyiva amesema kisigino ipite mguu ya kiti." Yule aliyekuita polisi, ndivyo alivyosema. Nilimpa kiti, na chaki ninayo siku zote. Akaanza. Mara ya tatu alipovuta akalia "Mwaitu", na mimi nikamwambia aache. Kesho yake akaomba kiti tena, nikamwambia kimepelekwa kanisani. Siku iliyofuata akaomba tena. Ya nne hakuomba.

Utataka kujua ni kwa nini, nami nitakueleza mara moja tu. Mwaka mmoja baada ya mama kufa, Kisilu alianguka kwenye mawe ya mtoni akavunjika mguu, mguu huohuo. Aliletwa mzee wa kuunga mifupa. Akaniambia nimshike mtoto mabega kwa nguvu zangu zote. Nilimshika. Mzee alivuta, na Kisilu hakumtazama mzee, alinitazama mimi. Mguu ulipona vizuri kabisa. Lakini hakula chakula kutoka mkononi mwangu kwa siku nyingi, alikuwa akipokea kwa majirani, na mimi nilikuwa na yeye tu duniani. Mathenge aliponiambia umemkandamiza mabega, sikukuona wewe. Nilijiona mimi. Nikasema, safari hii hatanitazama vile.

Na hakunitazama vile. Alinenepa, akacheka, akaniita mama mbele ya watu. Ilikuwa miezi yangu mizuri kuliko yote tangu nilipofiwa na mume wangu, na sijui nitaombaje msamaha kwa furaha.

Sasa jambo la mwisho. Ile barua ya wiki ya Matawi niliiandika nikijua. Siku moja kabla yake nilikuwa nimeutoa mto ili niufue, nikaona mguu umebaki umepinda hewani, bila kitu chini yake. Niliukandamiza kwa kiganja. Haukushuka. Nikaurudisha mto na kukuandikia habari za supu.

Na barua yako ya Aprili haikuchelewa. Mathenge aliniletea mkononi tarehe 17, kabla barabara haijakatika, na akauliza kama ana abiria wa kurudi naye. Nilimwambia hakuna. Niliona aibu kukuletea goti lile mlangoni. Niliona aibu ya wiki moja, na kwa hiyo nimemnunulia ndugu yangu fimbo ya maisha.

Mwanzoni mwa barua umeniita Kamene bila wifi, na nimeikubali. Nataka kuja kumwona Agosti mahindi yakishavunwa, ukiniruhusu. Niambie nilete nini. Mto sithubutu.

Kamene


Kinanie,
11 Agosti 2024

Wifi,

Tumepokea kofia, Mutheu ametuma picha, mtoto ameivaa mpaka kwenye pua. Hapa maji yamerudi kuja mara mbili kwa wiki. Yule kuku wa kabatini ametotoa kumi na mmoja.

Barua yako nimekaa nayo zaidi ya wiki tatu. Wiki ya kwanza nilitaka kumsomea Kisilu yote, yako na yangu, akae katikati yetu ajue alikuwa mikononi mwa nani. Wiki ya pili nilitaka usije kabisa. Nilikuchukia, wifi, na nakuandikia hivyo bila kupunguza. Halafu nikawa naifungua ile droo kutafuta uzi, naiona ile karatasi, na chuki inakosa mahali pa kukaa.

Nikwambie anavyoishi. Wageni wameacha kuja, mguu umekuwa wa zamani. Kila siku saa nne, bila kuambiwa na mtu, anajikokota hadi kwenye kiti cha mbao na kuanza. Anahesabu kwa sauti mpaka thelathini, kama ulivyomfundisha utotoni. Halii tena. Anauma kitambaa. Mimi nakaa jikoni, mto wako nimeukalia, nasikiliza kila namba, na sijamwambia alichoniambia daktari koridoni. Mwezi mzima alifanya hivyo, na kila siku akimaliza aliuliza, "Imesonga?" Nikimjibu bado kidogo, alikuwa analala ameelekea ukutani mpaka jioni.

Alhamisi ya juzi alikuwa ameenda kuoga. Nilichukua kitambaa na mafuta ya taa kidogo nikaufuta ule mstari wa Machi, nikapiga sakafu rangi yake nyekundu pasibaki alama. Kisha nikachora mwingine, mbele kabisa, karibu na pale kisigino kinapokwama.

Nilirudi jikoni. Alikaa, akahesabu. Hakufika thelathini. Akaniita, "Munyiva, kuja uone. Nimefika."

Nilikwenda nikaona. Nilimwambia amefika. Alinishika mkono, mtu ambaye hajanishika mkono tangu alipotoka hospitali, akasema nilikuwa nimesema kweli tangu mwanzo na yeye alikuwa mjinga, nimsamehe kwa kile kikombe cha uji. Niliinama nikajifanya naangalia chaki.

Tangu siku hiyo, kila akienda kuoga nausogeza kidogo sana, ili kisigino kiupite kwa upana wa uzi. Jana alimpigia Mutheu simu. Alimwambia Disemba atakwenda Voi kumwona mtoto, na basi atapanda mwenyewe, asitume mtu wa kumbeba.

Njoo, wifi. Siwezi kukuzuia usimwone na sitaki kubaki na jambo hili peke yangu. Atakuonyesha mstari kabla hujaketi. Mwambie ni mbali, mwambie hukutegemea. Usiangalie chini kwa muda mrefu, maana anasoma uso wako kuliko wangu.

Uliuliza ulete nini. Leta chaki. Yangu imekwisha.

Munyiva